Matanga ya Tingatinga

Kila mwaka, ufuta ukishapigwa na kupepetwa, wanawake wanne waliokuwa wakituliza watoto wa upande wetu walikutana uani kwa mama mkwe wangu, kule Ruangwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anayeweza kutunza siri ya mtoto wa jirani maisha yake yote hawezi kutunza siri ya mwenzake wa kazi mpaka chungu kichemke.

Hawakuwa na jina kubwa. Watu waliwaita akina mama wa watoto, basi. Mtoto akigoma kula, akiweweseka usingizini, akikojoa kitandani hali mdomo wa juu umeanza kuota ndevu, au binti akivunja ungo akageuka mbogo ndani ya nyumba ya mama yake, alipelekwa kwa mmoja wao. Hawakupandisha mashetani wala hawakupiga ramli, na ukiwaita waganga walinuna. Siku hizi kazi hiyo watu wanaisomea miaka na miaka, nami nawaheshimu. Lakini nikisikia wamekutana mjini kupeana habari za kazi, huwa najiuliza kama nao wanakula vizuri kama tulivyokula sisi, na kama nao wanasengenyana.

Miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza, nami nilikuwa mke mpya. Nimezaliwa karibu na Nachingwea, nikaolewa Ruangwa, na mama mkwe aliponiona nina mdomo akasema mdomo huo ama utaniponza ama utafaa kazini, afadhali akae nao karibu. Kwenye mkutano nilitakiwa kuchota maji, kukoroga chungu na kunyamaza. Maji nilichota na chungu nilikoroga.

Wa Malolo alikuwa mnene, mcheshi, bingwa wa vikojozi. Wa Nanganga alikuwa mrefu mwenye sauti ya chini, na watoto wa jinamizi walipelekwa kwake. Wa Chinongwe alikuwa kimwanamke kidogo, mnusaji wa ugoro, na kazi yake ilikuwa vijana wakorofi, maana ukorofi wenyewe alikuwa nao wa kutosha. Mama mkwe wangu alikuwa wa watoto walionyamaza. Wanne hao waligawana watoto wote wa nchi, na kila mmoja aliamini wake ndio wagumu.

Habari zilikuwa na mpango wake. Kwanza nani amefariki katika wenye kazi hii, wa karibu na wa mbali. Halafu nani ameacha kazi kwa uzee, na nani amechukua mwanafunzi. Halafu malalamiko, na hapo wote walisogeza mikeka. Mwaka huo Malolo, maana tuliwaita kwa vijiji vyao, alilalamikiwa kwa ajili ya chura. Yeye alikuwa akimfunga kikojozi chura kiunoni usiku, chura hai, ili mtoto akianza kulowanisha chura achangamke na kumwamsha. Nanganga akasema ameletewa mtoto aliyetoka Malolo ambaye sasa hakojoi, lakini hataki tena kuvaa kitu chochote kiunoni, wala kupita karibu na dimbwi. Malolo akajibu kwamba yeye aliletewa kikojozi akarudisha mkavu, na kama mtoto sasa ana tatizo la upande wa mwenziwe, basi mwenziwe afanye kazi yake. Ugomvi ukaendelea mpaka Chinongwe akauliza kama chura naye ameulizwa anaonaje. Baadaye Nanganga alipiga kifua kwamba ameitwa hospitali ya Nachingwea kuzungumza na watu wa huko mambo ya kazi. Chinongwe akasema amesikia kweli aliitwa, akafungua kinywa, na wakamng'oa jino.

La mwisho ndilo lililokuwa zito. Kila mmoja alitakiwa kumtaja mtoto aliyemshinda mwaka huo, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula mpaka wote wamesema. Nadhani aliyeitunga sheria hiyo aliwajua vizuri, maana kwa njaa mtu husema ukweli haraka. Malolo alisema wake, Nanganga akasema wake, Chinongwe akasema hakuna mtoto aliyemshinda ila mama mmoja wa mtoto. Ikafika zamu ya mama mkwe wangu, akakaa kimya. Kuku alikuwa akipoa. Mimi nikajisahau, nikasema, "Si yule wa tingatinga?"

Mama mkwe alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nanyoosha mgongo. Lakini kuku alikuwa akipoa, naye akasema.

Jirani yetu alikuwa mtu wa kuja, ametoka upande wa Newala. Wazungu walipofungua mashamba ya karanga Nachingwea alikwenda huko kutafuta kazi, wakamfundisha kuendesha trekta, hizo sisi tulizoziita tingatinga kwa mlio wake. Alikuwa dereva anayejulikana. Mimi mwenyewe nikiwa msichana nilimwona akipita barabarani ameketi juu kama jumbe, vumbi nyuma yake, nasi tunakimbia kandokando tukikohoa kwa furaha. Kisha karanga zikawashinda wenyewe, mashamba yakafungwa moja moja, matrekta yakaegeshwa yakaota majani, na dereva akaambiwa arudi nyumbani. Aliona haya kurudi Newala mikono mitupu. Akaja Ruangwa na mkewe na binti yao, akaomba pori, akapanda mihogo na mikorosho. Jembe alilishika kama mtu aliyeshika nyoka mkiani, na tangu siku hiyo hakuzungumza. Akisalimiwa aliitikia kwa kichwa. Akipewa chakula alikula, akageuka ukutani.

Binti alikuwa wa miaka kumi hivi, au kumi na mmoja. Miezi michache baada ya kuhamia, alianza kunguruma. Mwanzoni ilikuwa raha tupu, wala sitadanganya kwamba tulisikitika. Asubuhi alijiwasha: akakohoa mara mbili tatu, akatetemeka mabega, akashika mlio. Mama yake akimtuma maji, aliingiza gea kwanza, akaondoka polepole, akapandisha kilima cha kisimani kwa sauti nzito, akashuka kwa sauti nyepesi. Mlangoni aliingia kinyumenyume, ametazama juu ya bega. Ukimuudhi alizima, na akizima hapo alipo ndipo hapo, hata kama ni katikati ya njia ya ng'ombe, mpaka mtu aje amsukume. Watoto wa mtaa walijipanga nyuma yake wameshikana viuno wakiwa matela. Kulikuwa na ugomvi nani awe tela la kwanza.

Halafu tukagundua kwamba maneno yamekwisha. Yule binti hakuwa tena mtoto anayecheza tingatinga kisha akaomba uji. Ukimuuliza jina alinguruma. Akipigwa alinguruma huku machozi yanatiririka. Watoto wenzake waliogopa, matela yakakatika, akabaki anazunguka peke yake uani.

Na unyago ulikuwa karibu. Kungwi wa pale, mwanamke mkali asiyependa mchezo na wanawali wake, alikuwa amekwishasema kwamba binti huulizwa na kujibu kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye hawezi kumwingiza ndani kitu kinachonguruma, wenzake watacheka na mambo yataharibika. Bado hilo lingevumilika. Lakini kwao, kama kwetu, mtoto ni wa mjomba. Kaka wa yule mama alikuwa amepeleka salamu kwamba ngoma za unyago zikianza atafika mwenyewe, na kama mpwa wake atakuwa amekataliwa, atamchukua avuke naye mto Ruvuma, akakae kwa bibi yake huko ndani ambako hakuna anayemjua wala kumcheka. Baba hakuwa na la kusema, na hata angekuwa nalo, hakuwa akisema.

Mama wa binti aliitwa aje aeleze mwenyewe, ndiyo taratibu ilivyokuwa. Alikuja akapiga magoti pembeni ya mkeka. Alipomaliza kueleza alisema neno moja lililomfanya hata Chinongwe aache kunusa. "Akivushwa mto hatarudi, mama zangu. Mimi sina mwingine."

Yaliyokwisha kufanyika yalikuwa mengi. Mama mkwe alikuwa amemfukiza majani, amemwosha njia panda, amekaa naye siku nzima bila kusema lolote, kwa maana mtoto aliyenyamaza mara nyingi huchoka kunyamaza akiona unamshinda kwa kunyamaza. Lakini huyu hakuwa amenyamaza, na hapo ndipo utaalamu wa mama mkwe ulipofika ukingoni. Malolo akapendekeza chura. Wote wakamwangalia. Akasema ni wazo tu, na kesho yake tukamjaribu kwa sababu hatukuwa na lingine. Chura aliruka, binti akapiga honi kumpisha, na mambo yakaishia hapo. Nanganga alijificha nyuma ya ghala akatoka ghafla akipiga sufuria ili amshtue. Binti alikwepa kwa ustadi, akakata kona, akaendelea. Aliyeshtuka ni mbuzi wa jirani, ambaye tulimtafuta mpaka jioni.

Waliporudi kuketi, Chinongwe ndiye aliyeuliza. Walikuwa na swali lao moja la zamani ambalo wote walilijua, na kwa kujuana sana walikuwa wamelisahau. "Nyumba ile imefiwa na nani?"

Mama wa binti akasema hawajafiwa na mtu, wanamshukuru Mungu.

"Sikuuliza mtu peke yake," Chinongwe akasema. "Na hilo tingatinga?"

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha tukaona yeye hacheki. Akasema baba ameondokewa na kitu alichokipenda, hakulia, hakukaa matanga, hakuna aliyempa pole, na sasa yule marehemu anazunguka uani ndani ya koo la mtoto kwa sababu hajazikwa. Mama mkwe alikaa akifikiri, akikata ukucha kwa meno. Halafu akasema, haya, tutamzika. Huo ndio mkutano pekee nilioushuhudia wakikubaliana wote kwa mara moja, na wa Malolo akalia kidogo, kwa sababu alipenda misiba.

Msiba wa kwetu haufanyiki bila mtani. Mtani ndiye anayechimba, ndiye anayepika, na ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kumwigiza ulevi wake na uchoyo wake mbele ya wafiwa, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Watu hucheka huku wanalia. Waliulizana ukoo gani una utani na ukoo wa dereva, wakahesabu, wakageuka wote wanne wakanitazama. Kwa bahati mbaya yake, ulikuwa ukoo wetu.

Asubuhi dereva alipokwenda shambani, tulitandika mikeka uani kwake. Mama wa binti alikaa katikati kama mfiwa, ameshika tama. Malolo akaanzisha kilio. Alikuwa na sauti ile ya kutoka chini ya tumbo, ukiisikia huwezi kuendelea kupepeta. Tulichokisahau, na sijui tulikisahau vipi watu wazima watano, ni kwamba kwetu kilio kikisikika mtu hauliziulizi njiani nani amekufa. Ni aibu kuuliza. Unachukua unga, unachukua kuni, unakwenda unaketi, utaambiwa ukishaketi.

Wakaja. Mwanzo wa karibu, halafu wa mbali, na mchana uani hapakuwa na pa kukanyaga. Kungwi mwenyewe alikuja na unga kichwani, akaketi na wanawake akilia kwa heshima. Mwalimu wa madrasa alikuja na msahafu. Kuni zililetwa za kutosha kupikia harusi mbili, na kuku wawili wakafungwa miguu chini ya mkorosho. Nikipita na maji nilisikia minong'ono. Wanaume wengi walikuwa wamekubaliana kwamba aliyekufa ni dereva, maana mtu asiyesema namna ile alikuwa amekwishaaga siku nyingi. Mzee mmoja aliyekuwa akimwita mvivu kila siku alikuwa sasa akieleza jinsi alivyokuwa mchapakazi. Nilimwambia mama mkwe kwamba tumeharibu. Akaniambia nikoroge.

Dereva akatokea na jembe begani.

Mwanamke mmoja aliangusha unga. Yule mzee alinyamaza katikati ya sifa. Na dereva, mtu aliyelelewa vizuri kama sisi sote, aliona kilio nyumbani kwake, akaona mkewe ameshika tama, na hakuuliza. Alilaza jembe chini taratibu, akavua kofia, akaenda akaketi na wanaume kwenye msiba wake mwenyewe, akainamisha kichwa. Mzee akamsogezea mkeka kwa hofu. Mpaka leo sijaona mtu mwenye adabu kama ile.

Hapo mama mkwe akanipiga kikumbo. Nilikuwa nimejifunga kaniki iliyopakwa masizi, kichwani kofia kuukuu ya mume wangu, mkononi mchi wa kinu ndio hendeli ya kuwashia. Nikaingia katikati ya wafiwa nikitetemeka mabega.

Nikasema marehemu tuliyekuja kumlilia alikuwa mnene, mweusi kwa moshi, mlevi wa dizeli asiyeshiba. Nikasema alipokuja Nachingwea aliahidi kula msitu mzima, akavunjika meno kwenye visiki. Nikasema aliwadharau wenye majembe, na sasa amelala kwenye majani kuku wanamtagia tumboni. Nikasema mtani wangu pale alimpenda kuliko mkewe, maana mkewe hakuwahi kumpaka grisi.

Watu walichelewa kuelewa. Kisha wakaelewa wote pamoja. Mwalimu wa madrasa alifunga msahafu, akasema yeye hasomi chochote kwa ajili ya chuma, lakini nikaona hakuondoka, na macho yake yalikuwa kwenye chungu. Mtu mmoja akaenda kumfungua kuku wake. Wengine walianza kucheka, wengine kufoka, na dereva akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama wima hivyo. Mishipa ya shingo ilimtoka, mkono ukaenda kwenye jembe.

Mzee akamshika shuka. "Mtani huyo," akamwambia. "Kaa chini, mwanangu. Mtani hapigwi."

Akaketi. Sitaficha kwamba niliogopa, na siku hizo nikiogopa nilizidisha. Nikazungusha mchi, nikajiwasha, nikanguruma uani kote. Nilidhani nanguruma vizuri, nimekua nikiyasikia matrekta hayo kila siku ya Mungu. Nyuma ya ghala niliona kichwa cha binti kimechomoza. Alinitazama kwa dharau ambayo sijaipata tena kwa mtoto yeyote. Nikaingiza gea ya pili, nikapanda kilima kwa sauti kubwa, watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, na mimi moyoni najua kwamba mambo hayaendi, tunamcheka tu mtu mbele ya mkewe.

"Siyo hivyo."

Sauti ilitoka chini, kama ya mtu aliyelala. Nikasimama. Dereva alikuwa bado ameinama.

"Ya pili hailii hivyo. Kilimani inalia kwa ndani."

Mkewe aliondoa mkono shavuni. Nikamwambia, basi mtani, kama unajua zaidi, tuonyeshe. Nilisema kwa kejeli, kwa sababu utani ni utani.

Akakaa vizuri. Akanyoosha mikono mbele akashika usukani, mguu mmoja akaukanyaga chini, na koo lake likawaka. Hatukucheka tena. Alikuwa nayo yote mle ndani. Aliiwasha asubuhi ya baridi inapokataa, akaibembeleza, ikashika. Alitoka nayo kambini, akaingia shambani, akateremsha jembe lake la chuma, nasi tukasikia udongo unavyoshika na unavyoachia. Aligonga kisiki, akarudi nyuma, akakigonga tena. Alifika mwisho wa shamba akageuza, na lilikuwa shamba refu kweli, kila akifika mwisho alikuta kuna mstari mwingine. Jasho lilimtoka. Kisha mlio ukaanza kukatika, na tulipomtazama tukaona ni kilio, analia waziwazi kama watu wanavyolia msibani, na mikono bado iko kwenye usukani, na mguu bado umekanyaga, na hawezi kusimama. Wanawake wakaanza kulia naye, safari hii bila kuongozwa na Malolo. Mimi nililia na masizi yangu. Niliona aibu, nikamhurumia, na nikahofia kwamba hataacha kamwe, na kwamba tutakuwa tumempoteza baba na mtoto kwa siku moja.

Binti alitoka nyuma ya ghala. Alikuja kwa miguu yake, bila mlio, akapita katikati ya watu. Mama yake alinieleza baadaye kwamba huko Nachingwea baba alikuwa akimpandisha jioni akiirudisha trekta kambini, akakaa juu ya madigadi, lile bati la juu ya tairi, karibu na bega lake. Sisi hatukulijua hilo. Tulimwona tu anachuchumaa kushoto kwa baba yake, anaegemea bega lake, anatazama mbele alikokuwa akitazama yeye. Walikwenda hivyo kitambo. Halafu akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Basi, baba," akasema. "Zima. Tumefika."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya kitu ambacho hakijatumika. Baba hakugeuka. Mlio ulishuka, ukashuka tena, ukakohoa, ukanyamaza. Dereva aliachia mikono, akaifuta kwenye magoti.

"Haya mama," akamwambia. "Shuka taratibu."

Chakula kilipikwa, kwa sababu unga ulikwisha kuletwa na msiba hauvunjwi njaa. Aliyekuwa amemfungua kuku wake alimrudisha mwenyewe. Mwalimu wa madrasa aliomba dua kwa ajili ya walio hai, ndefu kidogo, akala vizuri. Kungwi alipokuwa akikung'uta kanga yake aondoke, alimwita binti akamuuliza ni mtoto wa nani. Binti akamjibu kwa ufasaha, jina la mama na jina la bibi, kama inavyopasa. Kungwi akaguna akaenda zake, na kwa mtu wa namna yake mguno ule ulikuwa ruhusa.

Dereva hakuwa msemaji baada ya hapo, nisije nikawadanganya. Lakini alisema. Mara nyingi alisema juu ya jembe, na alilitukana kwa maneno ambayo hatukuwa nayo Ruangwa. Mimi hakunisamehe mpaka nilipojifungua mtoto wa kwanza, akaja kumtazama, akasema mtoto amezaliwa na mdomo wa mama yake na tutajuta. Kwa mtani hayo ni mapenzi. Kuhusu akina mama wa watoto, mwaka uliofuata mkutanoni niligundua kwamba habari imekwishasambaa mpaka huko mbali, na kwamba kule Malolo kila mtu anajua aliyemponya binti yule ni chura. Nanganga alisema ni sufuria. Walibishana mpaka chakula kikapoa, na mama mkwe, ambaye hakudai chochote, alikula paja la kuku peke yake.

Mwaka ule ule wa matanga, ngoma za unyago zilipoanza, mjomba alifika. Alikuwa ametembea siku nyingi kutoka ng'ambo ya mto, mtu wa makamo mwenye miguu iliyopasuka, begani ana mkeka mpya uliokunjwa. Alisema aliusuka mwenyewe, ili mpwa wake awe na pa kulala njiani. Dada yake akaingia ndani kama anatafuta kitu. Binti akatoka na kata ya maji, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba. Pole na safari."

Mjomba alipokea maji, hakunywa. Alimtazama sana, kisha akamtazama shemeji yake aliyekuwa amesimama mlangoni, akamuuliza mvua zilikuwaje. Dereva akamweleza, kwa maneno mengi kuliko swali lilivyodai. Mjomba alilala pale siku chache, akaondoka alfajiri peke yake. Mkeka aliuacha, na binti ndio alioulalia unyagoni.